Revolva ya marehemu babu: imeandikwa MARK VI, tuitambueje?

Mrithi_Nakuru: Wakuu, revolva hii inakunjika katikati, mtutu wa inchi 6, silinda ya risasi 6. Ubavuni pana WEBLEY, MARK VI na 1917. Historia yake tuipateje?

Fundi_Chuma: Kwanza hakikisheni ni tupu. Elekezeni mtutu pasipo na mtu, vidole mbali na triga, bonyezeni wenzo wa kushoto kwa kidole gumba, mkunje mtutu chini na mtazame matundu yote 6. Leseni ya marehemu hairithiwi, kwa hiyo mpigieni simu OCS (mkuu wa kituo cha polisi) kabla ya kuisogeza.

Hiyo ni Webley ya jeshi la Uingereza, modeli ya mwaka 1915, risasi .455. Linganisheni namba ya fremu na ya silinda. Zikitofautiana, kipuri kimebadilishwa. Tafuteni pia mishale midogo miwili iliyoelekeana ncha kwa ncha: maana yake jeshi liliiuza. Mgongoni mwa mpini huenda pana herufi za kikosi, na hizo ndizo za thamani kuliko zote kwa historia.

Mzee_Makavazi: Msipige msasa! Alama hazina kina, zikifutika ndiyo basi. Kitambaa laini na mafuta mepesi vinatosha. Mulikeni tochi kwa pembeni mkipiga picha.

Tazameni nyuma ya silinda. Nyingi zilichongwa zipokee risasi ya aina nyingine, .45 ACP, ambayo shinikizo lake huzidi uwezo wa chuma hicho na silinda inaweza kupasuka. Msiifyatue.