Ukoo Wetu: fomu ya Neema

[06:41] Shangazi Rehema: Habari za asubuhi wanafamilia. Fomu ya chuo ya Neema inafungwa kesho kutwa. Chaguo la kwanza ni udaktari, sioni cha kujadili. Ana A ya Baiolojia na A ya Kemia. Mnaounga mkono wekeni 👍

[06:58] Shangazi Rehema: Mmesoma watu 19. Dole gumba ni moja, nalo ni langu.

[07:30] Mjomba Side: 👍 Tupate wa kutuandikia ruhusa ya ugonjwa kazini 😂

[07:31] Juma: Mimi tayari mgongo unauma 😂😂

[07:52] Mama Neema: Wifi, huyu akiona damu anaanguka. Mwaka jana nilimsindikiza kupima, kachomwa kidole tu, puu! Muuguzi akaacha kazi akawa anamnyanyua miguu.

[08:01] Da Zawadi: Hilo lisiwatishe. Ni presha inashuka ghafla, damu haifiki vizuri kichwani. Wengi huzoea. Hospitalini kwetu tuna daktari mmoja alidondoka chumba cha upasuaji akiwa mwanafunzi, leo ndiye anayeshika kisu. Mwulizeni kuhusu usiku. Umekesha, asubuhi unatakiwa ukokotoe dozi ya mtoto bila kukosea nukta. Na miaka: chuo 5 au 6, kisha mafunzo kazini chini ya usimamizi, akitaka ubingwa anarudi tena 3, 4 au zaidi.

[08:03] Shangazi Rehema: Kwani tunamwozesha kesho?

[08:05] Baba Mdogo: Ada ya miaka yote hiyo nani analipa?

[08:05] Shangazi Rehema: Wewe ndiye wa kuuliza ada? Ile ya mwaka wa nne iko wapi?

[08:11] Baba Mdogo: Nilijua tu. Dada, maiti za anatomia nilipasua mwaka mzima, usingizi nikalala. Kilichonishinda ni wodini, kusimama mbele ya mama wa watu kumwambia mwanawe hakuamka. Niliporudi nyumbani mliniuliza risiti.

[08:14] Mjomba Side: Jamani, chai inapoa huku 🙈

[11:15] Kaka Musa: Nani anaumwa? Naona daktari, daktari.

[11:16] Juma: Soma juu!

[12:48] Babu: NIMESOMA YOTE. REHEMA POLEPOLE. MAREHEMU BIBI YENU ALIPOLALA MIEZI MINNE NEEMA NDIYE ALIMGEUZA KILA BAADA YA SAA MBILI ASITOKE VIDONDA. HATA USIKU. WENYE DOLE GUMBA SIKUWAONA. SIJASEMA AWE DAKTARI. NIMESEMA ASISEMEWE.

[13:20] Shangazi Rehema: Shikamoo baba. Nimekuelewa.

[14:30] Shangazi Rehema: Ila fomu inafungwa kesho kutwa. Leo saa tatu usiku simu ya video, wote.

[14:31] Juma: Saa tatu kuna mechi.

[15:02] Neema: Shikamooni. Da Zawadi, naweza kukaa na wewe zamu moja ya usiku kabla sijajaza?

[15:40] Da Zawadi: Wodini huingii hivihivi mdogo wangu. Ngoja nimwulize msimamizi wa wodi. Sikuahidi.

[15:41] Shangazi Rehema: Neema, chaguo la pili umeandika nini?

[15:44] Neema: Famasia. La kwanza bado liko wazi shangazi.

[15:44] Shangazi Rehema: Nakupigia.

[15:47] Shangazi Rehema: Neema pokea simu.