Wayne Thiebaud alifikaje kwenye keki?

Swali: Naomba wanaofahamu wanieleze jinsi Wayne Thiebaud, mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 101, alivyojijengea jina kwa kuchora keki na vyakula vya mgahawani.

Jibu la kwanza: Ndugu muulizaji, hakuanzia hapo. Ujanani alifanya kazi kwa muda mfupi katika studio za Walt Disney, kisha akachora mabango na matangazo ya biashara, kazi ambayo naamini ndiyo iliyomfunza kupanga vitu vya kawaida vikavuta jicho. Mwaka 1960 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha California, Davis, na onyesho lake la mwaka 1962 katika jumba la maonyesho ya sanaa la Allan Stone, New York, ndilo lililomtangaza.

Jibu la pili: Naongezea kuhusu mkono wake. Katika picha yake "Cakes" ya mwaka 1963, iliyohifadhiwa National Gallery of Art mjini Washington, rangi ya mafuta imepakwa nene hata inafanana na sukari inayopambia keki yenyewe, na vivuli vyake vina ubuluu, jambo linaloipa picha nzima mwanga wa ajabu.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Je, aliendelea na vyakula tu?

Jibu la pili: La, alichora pia watu, na mitaa ya San Francisco yenye miteremko mikali.