Shafti ya propela imekatika mara ya pili: EN8 au ekseli ya lori?

Mkereza wa Nyakato
Habari za kazi, mafundi. Mwenye boti mmoja wa Igombe, anayebeba dagaa kutoka visiwani, ameniletea shafti ya milimita 32 iliyokatika. Ni ya pili mwaka huu, na zote nilizikereza mimi, kwa chuma laini cha kawaida. Safari hii vijana walipiga kasia usiku kucha. Tangu nisikie, usingizi hauji. Sasa mwenye boti anataka nitumie ekseli ya lori ya skrepa, eti ni ngumu na bei yake ndogo. Mimi nafikiria EN8, chuma cha kaboni ya wastani. Mnasemaje?

Mzee wa Leti
Mdogo wangu, kabla ya chuma, tazama uso wa pale ilipokatikia. Ukiona sehemu laini yenye mistari ya kujipinda, kama mchanga wa ufukweni mawimbi yakirudi, chuma kilichoka polepole. Fuata mistari hiyo utafika ufa ulipoanzia.

Mkereza wa Nyakato
Shikamoo mzee. Nimeisafisha kwa dizeli, mistari ipo. Inaanzia kwenye kona ya mfereji wa kabari inayoshika propela.

Mzee wa Leti
Marahaba. Basi kona hiyo ndiyo iliyoikata. Shafti ikizunguka mara 1,000 kwa dakika huku haijanyooka na injini, inapindwa mara 60,000 kwa saa, na kona kali inabeba yote. EN8, yenye kaboni kama asilimia 0.4, inakutosha. EN24 ina nguvu zaidi kwa sababu ya nikeli, kromu na molibdeni, lakini gharama! Ekseli iache. Ngozi yake imefanywa ngumu kwa moto, itakumalizia visu vya leti. Ukiilainisha, ugumu unaoulipia umeondoka. Tena imeshachoka barabarani miaka mingi, na nyufa ndogo jicho halizioni. Sehemu za kona, zungushia, usiache pembe.

Mvuvi Fundi, Ukerewe
Mimi natumia chuma kisichoshika kutu, ile 304 isiyovutwa na sumaku. Bushi, zile pete ambamo shafti inazunguka, zinadumu. Ila kisu kikate kweli. Kikisugua tu, chuma kinakakamaa hapo hapo.

Mkereza wa Nyakato
Mfereji ule niliuchonga kwa patasi, kona kali kabisa. Nachukua EN8. Kesho naenda Igombe kupima mnyooko wa injini, boti ikiwa majini.

Mzee wa Leti
Majini, ndiyo. Nchi kavu mbao zinakaa vingine.