Je, ni haki mwanariadha kumpita mwenye alama kubwa kuingia chuo Marekani?

Mlezi wa Vipaji:
Wakuu, salaam. Kuna hoja inazunguka kwamba vyuo vikubwa vya Marekani vinawabeba wanamichezo, hadi kijana mwenye alama za kawaida anaingia Harvard huku mwenye A tupu anabaki nje. Wengine wanajibu kwamba huo ndio upenyo wa mtoto wa Iten au Mbulu, tusiuzibe. Wanaoujua mfumo watufafanulie: upendeleo huo unafanyikaje hasa, na anayefaidi ni nani? Na kijana wa mbio ndefu anayemaliza sekondari mwaka huu aanzie wapi?

Karani wa Udahili:
Mkuu, kwanza tutenganishe vyuo, maana hapa ndipo watu wanapochanganya. Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya Marekani, Harvard kikiwemo, havitoi ufadhili wa michezo hata senti. Msaada wa ada hutegemea kipato cha familia. Anachogawa kocha pale ni nafasi ya kuingia.

Inakwenda hivi. Kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari kuanza, kocha anapeleka matokeo ya kijana ofisi ya udahili yasomwe mapema, naye anaambiwa kama faili linapitika. Kocha ana idadi maalumu ya majina anayoweza kuyasimamia. Orodha ikijaa, anayefuata anaomba kama mwombaji mwingine yeyote, hata kama tofauti yao ni sekunde mbili. Walioingia kwenye orodha huweza kupata barua kuanzia Oktoba inayowaonyesha kwamba watakubaliwa, wakati wenzao wanasubiri miezi.

Uzito wa orodha hiyo ulionekana Harvard iliposhitakiwa kwa ubaguzi wa rangi katika udahili, na kesi ikasikilizwa mwaka 2018. Waombaji hupewa alama ya taaluma kutoka 1 hadi 6, na 1 ndiyo ya juu. Mwenye 4 asiyetakwa na kocha alikuwa na nafasi isiyofika 1 katika 1,000. Wenye 4 hiyohiyo waliotakwa na kocha walikubaliwa takriban 70 katika kila 100. Chuo kinachotangaza kwamba taaluma ndiyo msingi wake kinapaswa kulijibu pengo hilo, na mimi sijaona jibu linalotosha.

Pwani ya Makasia:
Naongezea, kwa sababu kwetu tukisikia "mwanamichezo" tunamwona mkimbiaji au mcheza kikapu. Harvard ina timu 42. Humo mna skwoshi, kupigana kwa vitara, polo ya majini, mashua za matanga na kupiga makasia. Chukua makasia peke yake: boti ya watu wanane ina urefu wa mita 18 hivi. Inataka maji tulivu, gati, banda la kuihifadhi, trela la kuivuta hadi mashindanoni, na kocha wa kudumu. Shule yenye vitu hivyo si ya watoto wa makuli.

Kuna utafiti wa mwaka 2023 wa wachumi Chetty, Deming na Friedman juu ya Ivy League na vyuo vya daraja hilo. Katika wanafunzi waliokubaliwa kutoka familia za asilimia 1 ya juu kwa kipato, mmoja kati ya wanane alikuwa mwanamichezo aliyetakwa na kocha. Katika wale wa asilimia 60 ya chini, mmoja kati ya ishirini. Hapo jibu la nani anafaidi liko wazi.

Kwa nini makasia yana nafasi nyingi? Sababu moja ni sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayodai usawa wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Chuo chenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya wanaume zaidi ya 100 kinahitaji timu kubwa ya wanawake kusawazisha, na boti zinabeba wengi. Nia ya sheria ni njema kabisa. Tatizo ni mchezo waliouchagua kuitimizia.

Na palipo na nafasi zisizohojiwa, fedha hupita. Kashfa iliyofichuka Machi 2019 ilipita mlango huo. Mshauri wa udahili, Rick Singer, aliwalipa makocha wawaandike watoto wa matajiri kuwa ni wanamichezo. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walilipa dola 500,000 ili binti zao wawili waingie USC (Chuo Kikuu cha Southern California) kama washika usukani wa boti, na wakawapiga picha kwenye mashine ya mazoezi ya makasia. Tazameni uchaguzi ule wa nafasi. Mshika usukani hana rekodi ya muda ya kwake, kwa hiyo ofisi haina cha kuhakiki ila neno la kocha. Mkimbiaji wa mita 5,000 angeumbuka siku hiyohiyo.

Uwanja wa Vumbi:
Nakubaliana na takwimu, sikubaliani na kufuta kila kitu. Kipaji cha miguu ni kipaji, na Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wa Washington State. Kinachostahili kuondolewa ni nafasi za michezo ambayo mtoto wa kawaida hawezi hata kuijaribu. Tena njia ya mbio haikuwa lazima iwe ya mkato: KenSAP, mpango wa kuwasaidia vijana wa Kenya kuingia vyuo vya Marekani, ilipoanzishwa mwaka 2004 iliwapima vijana wenye alama za juu za KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) kwa mita 1,500 pale Iten, wengi wakaishia kuingia vyuo vikubwa kwa alama zao.

Sasa kijana wako, ndugu Mlezi. Ufadhili wa michezo uko Divisheni ya Kwanza na ya Pili ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani (si Divisheni Wani ya mitihani ya NECTA, Tanzania). Ajisajili katika kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa. Divisheni ya Kwanza inataka masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, si sharti la NCAA tena tangu 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza kuidai. Muda wake uwe wa saa ya elektroniki, katika mashindano ambayo matokeo yake yanachapishwa. Muda wa saa ya mkono kwenye uwanja wa vumbi ambao haujapimwa, kocha hana namna ya kuulinganisha na wa wengine.

Ahadi ya simu si udahili. Dalali anayedai asilimia ya ufadhili aachwe.

Mlezi wa Vipaji:
Nashukuru sana. Akikaa nyumbani miaka miwili akiongeza kasi kwanza?

Uwanja wa Vumbi:
Hapo ndipo wengi wanapoungua. Kwa riadha, Divisheni ya Kwanza imekuwa ikimpa mwaka mmoja tangu alipotakiwa kumaliza sekondari. Baada ya hapo, kila mwaka aliocheza mashindano rasmi umekuwa ukimla msimu mmoja kati ya minne ya kukichezea chuo. Kanuni hizi hubadilika, basi asome za mwaka anaoingia.

Karani wa Udahili:
Na asome mkataba wa ufadhili mstari kwa mstari. Hadi 2025 timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu, ukagawanywa vipandevipande kwa timu nzima. Sasa vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vina ukomo wa watu badala ya ufadhili: 45 riadha, 17 nyika. Kocha anaweza kumpa mkimbiaji mmoja ada yote, lakini asiye na kasi anakosa hata jezi. Aulize mambo matatu kwa maandishi: ni asilimia ngapi ya ada na malazi, ni kwa mwaka mmoja au minne, na akiumia goti itakuwaje.