Nimeuziwa kutu iliyopakwa rangi, kisha nikaulizwa "kwa bei hiyo ulitarajia nini?"

Wanajukwaa wenzangu,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazijaipunguza. Mwezi wa Februari nilinunua gari la spoti la zamani, MGB ya viti viwili yenye hudi ya turubai, katika yadi moja ya magari hapa Nairobi, kwa shilingi 850,000. Fedha hizo ni akiba yangu ya miaka sita pamoja na mkopo wa chama cha akiba na mikopo ambao bado unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwisho wa mwezi. Leo gari hilo liko juu ya matofali katika gereji moja ya Kariobangi Light Industries, milango yake yote miwili imetolewa, na muuzaji, nilipompigia simu kumweleza yaliyoonekana chini ya rangi yake, alinijibu: "Bosi, kwa bei hiyo ulitarajia nini?"

Nilitarajia kuambiwa ukweli. Hilo ndilo jibu langu, na kwa kuwa alikata simu kabla sijalitoa, nalitoa hapa.

Sikukurupuka kununua. Marehemu baba yangu alikuwa fundi katika Eneo la Viwanda, na nilipokuwa mdogo alinipeleka mara mbili kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, akanionyesha jinsi waamuzi wanavyoinama kuangalia chini ya gari kabla ya kuangalia rangi. Nilipoanza kutafuta gari, nilijua kwamba Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, imekwisha kuwa gari la watu wenye mifuko mingine. MGB nayo ilikuwa chaguo la mtu wa kipato changu. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kule Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, kwa hiyo spea zake bado zinatengenezwa na kuuzwa. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 haina miujiza: kabureta mbili, mfumo wa umeme usio na kompyuta, na nafasi ya kutosha chini ya boneti kwa fundi kuingiza mkono wake mzima.

Lakini mtu yeyote anayeifahamu MGB anajua mahali inapofia. Gari hili halina chesi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na katika gari lisilo na paa, boriti mbili zinazopita chini ya milango ndizo zinazoshikilia nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Matope yanayorushwa na magurudumu ya mbele hujikusanya nyuma ya madigadi, maji hubaki humo, na kutu huanza kula boriti hizo kutoka ndani kwenda nje, hivi kwamba siku unapoiona kwa macho, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana swali langu la kwanza pale yadi lilihusu boriti hizo. Nilimwuliza muuzaji mara mbili, na mara ya pili nilimwonyesha kwa kidole. Alinihakikishia kwamba gari halijawahi kutoka Nairobi tangu liwe jipya, kwamba limekuwa mikononi mwake mwaka mzima na bodi yake haijawahi kuguswa isipokuwa kupakwa rangi. Nilipoomba lipandishwe kwenye jeki, alisema jeki yao imeazimwa na kwamba rangi mpya ingechubuka. Hapo nilipaswa kusimama kidete, na ninalisema ili anayekwenda kununua kesho asimame.

Jumapili moja mwezi wa Machi nilipata pancha ya tairi la nyuma kwenye Waiyaki Way, karibu na Kangemi. Niliweka jeki mahali pake, chini ya mlango, nikaanza kuzungusha. Jeki ilipanda, gari halikupanda. Ulisikika mlio wa kitu kinachovunjika kidogo kidogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu, kisha kichwa cha jeki kikazama ndani ya gari. Kipande cha fila ya kijivu, ule mchanganyiko wa kuzibia mashimo ya bodi, kinene kama kiganja changu, kilidondoka kwenye lami kikiwa bado na rangi nyekundu inayong'aa upande mmoja. Nyuma yake palikuwa na waya wa kufugia kuku, na nyuma ya waya palikuwa na gazeti lililosokotwa na kushindiliwa. Chuma hakikuwepo. Nilijaribu kufungua mlango ili nitoe simu yangu, ukakataa, kwa sababu gari lilikuwa limeanza kujikunja katikati.

Gazeti lile nililikunjua palepale kando ya barabara. Ni ukurasa wa michezo wa Novemba mwaka jana. Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba gari liko mikononi mwake mwaka mzima na bodi haijaguswa, ilhali mtu alishindilia gazeti hilo ndani ya boriti miezi mitatu tu kabla sijalipa. Huo si mzigo aliorithi kwa mwenye gari wa zamani bila kujua.

Kule gereji, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba yangu aliinua zulia la upande wa abiria, akachota mchanga kwa vidole viwili na kuuweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa mweupe na laini, wenye vijipande vya kombe. "Kijana wangu," aliniambia, "gari hili limelala Pwani miaka mingi." Chumvi ya bahari imekula sakafu, mahali panapofungwa kiti cha dereva, na boriti ya upande wa pili ambayo bado inaonekana nzima kwa nje. Aligonga kwa bisibisi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, na sauti ilibadilika kutoka ya chuma hadi ya ukuta wa udongo. Mimi na mke wangu tumekuwa tukiendesha gari hilo kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, na mtoto amepakatwa.

Kuna suala la logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, pia, ambalo nitalitaja kwa ufupi ingawa si dogo. Iko kwa jina la mtu ambaye nimekuja kujua kwamba ni marehemu. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na mmiliki aliyesajiliwa katika akaunti yake ya mtandaoni ya mamlaka ya usafiri, NTSA, na akiwa amefariki, ni lazima warithi wake wapate hati ya mirathi mahakamani kwanza. Muuzaji alinipa nakala ya kitambulisho na karatasi yenye sahihi, akasema "hayo mengine ni ya siku mbili". Usikubali kamwe kutoa fedha zote kabla ya ombi la uhamisho kuonekana katika akaunti yako mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye lile swali la bei, kwa maana hata ndugu zangu wawili wameniambia kwamba mwenye pesa kidogo avumilie. Sikubaliani nalo hata kidogo. Kama ningeambiwa kwamba boriti zimeoza, ningetoa shilingi 400,000, nikabaki na nyingine za kuagiza vipande kutoka Uingereza, kulipa ushuru na kumlipa fundi wa kuchomelea. Gari bovu lililouzwa kama gari bovu ni biashara halali, na wengi wetu tunalitafuta kwa hiari kwa sababu tunapenda kulifufua kwa mikono yetu. Tajiri akidanganywa, anaagiza bodi nzima mpya, ambayo bado inatengenezwa Uingereza, na maisha yanaendelea. Mimi hesabu yangu ilikuwa moja na haina ya pili. Makadirio niliyopewa ya boriti zote mbili, sakafu na rangi ni shilingi 380,000, fedha ambazo sina, kwa kuwa nilimpa yeye.

Hali hii inawezekana kwa sababu soko letu ni dogo. Kwa kawaida gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo magari haya ya zamani tunayouziana ni yaleyale yaliyobaki hapa, yanayozunguka kwa madalali wachache wanaofahamiana. Anayekuuzia anajua kwamba ukiondoka kwake huna pa kwenda.

Na kuna mtu mmoja ambaye sijui jina lake, lakini ninamkasirikia karibu sawa na muuzaji: fundi wa bodi aliyefanya kazi ile. Ana mkono mzuri. Mstari wa chini ya mlango aliupiga msasa hadi ukanyooka kama uliotoka kiwandani, na rangi haina hata tone. Mtu mwenye ufundi kama huo angeweza kukata bati na kulichomelea ipasavyo, lakini alikubali kulipwa ili asokote gazeti.

Nimemwandikia muuzaji barua ya kudai anirudishie fedha zangu zote na achukue gari lake, na nimempa siku 14. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, nami ninayo maelezo yake katika ujumbe wa simu, neno kwa neno. Asipolipa, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Kile kipande cha fila nimekihifadhi. Gazeti nimeliweka kwenye bahasha ya plastiki. Mchanga uko kwenye chupa, na mzee wangu wa gereji amekubali kuja kutoa ushahidi.

Yeyote aliyenunua MGB nyekundu au gari lingine la spoti la zamani katika yadi za hapa mjini tangu Novemba, na ambaye hajaingiza jeki chini ya mlango wake, naomba alipeleke kwa fundi wiki hii, kabla hajampakia mtu mwingine. Na ukikuta gazeti, usilitupe. Angalia tarehe, lipige picha, uiweke hapa.