Tupeane uzoefu: diski za zamani zilijaa vipi, na mlizitunzaje?

MwanaKondele, Kisumu
Wakuu, vijana wanalia simu ya GB 64 imejaa. Kompyuta ya IBM PC XT ya 1983 ilikuja na diski ya MB 10 tu, na watu wakafanya kazi. Mliozoea DOS, ule mfumo wa zamani wa kuchapa amri, leteni visa. Cha "nilifuta gemu" hatutaki.

Section58, Nakuru
Kupakia XT kwenye pikapu hadi Molo bila kuendesha ile programu ndogo ya PARK ni kujitakia. Vichwa vya kusomea vilibaki juu ya data, shimo moja la barabara vinagonga sahani. PARK ilivisogeza pasipo na kitu. Diski za baadaye zilijiegesha zenyewe.

Binti_Kakamega
Nilichapa barua na hati za kiapo kwenye bureau karibu na korti. Diski ilikuwa ya GB 1.2. Siku moja inasema imejaa, nami nikijumlisha faili zangu hazifiki hata nusu! Fundi akanionyesha: FAT16, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, hukata diski vijisehemu, na kwa diski ya kati ya GB 1 na 2, kila kijisehemu ni KB 32. Barua ya KB 2 inachukua chote. Ni kukodi lori zima upeleke debe moja la mahindi Kitale.

Dawa yake ilikuwa kuigawa diski kwa programu ya FDISK, kila sehemu chini ya MB 512, na kijisehemu kikashuka hadi KB 8. Lakini FDISK inafuta kila kitu, kwa hivyo kwanza kunakili kwenye flopi, toa hii, weka ile, andika lebo, hadi usiku. FAT32, mrithi wa FAT16, ilipokuja 1996 taabu hiyo ikapungua sana.

MwanaKondele, Kisumu
Dada, kumbe mwenye barua fupi fupi aliumia zaidi akinunua diski kubwa!

Kanduyi_Bgm
Kwetu mvua ikitisha tu, stima imeenda. Ikirudi ni CHKDSK /F, amri ya kukagua na kurekebisha diski, halafu unakuta FILE0000.CHK, faili la mabaki iliyookota. Ukiifungua ni takataka za herufi, katikati mna kipande cha kazi. Nilimwokolea mwalimu mmoja nusu ya mtihani hivyo, nusu nyingine akaichapa upya akinung'unika.

DEFRAG nayo, programu ya kuunganisha vipande vya faili vilivyotawanyika, ilisifiwa kupita kiasi, nadhani kwa sababu ya kutazama vile viboksi vikihama. Iliongeza kasi, nafasi haikuongeza. Na mawingu yakiwa meusi, usithubutu kuianzisha.

Section58, Nakuru
Kweli kabisa. Na wateja waliokuja juu kwamba diski ya MB 850 inaonyesha 810 hawakuibiwa. Mtengenezaji anahesabu MB kuwa baiti 1000 mara 1000, kompyuta 1024 mara 1024. Flopi ya 1.44 ndiyo kichekesho, haimfuati yeyote: MB yake ni 1000 mara 1024.