Ukishinda mashindano, unalazimika kutoa listi ya deki yako?

MtotoWaSae
Wadau habari za jioni. Naomba tujadili hili bila matusi maana toka Jumamosi limenikaa rohoni. Tulikutana Mwanjelwa watu 16, Master Duel, lile gemu la kadi za Yu-Gi-Oh la kwenye simu, kila mtu kachanga elfu tano. Kuna kijana katoka Iringa na basi la alfajiri, katufunga wote, mimi kanifunga fainali. Kipigo nimekikubali. Gemu lilipoisha nikamfuata, nikampa mkono, nikamwambia hongera sana, naomba nione deki yako, yaani kadi ulizozipanga kuchezea. Akaigeuza simu kifudifudi pale mezani pembeni ya chupa ya soda, akaweka na kiganja juu. Hakutamka neno. Sasa sisi huku tuko wachache, kadi zenyewe za mkononi hazipatikani, wote tunachezea simu, tunajifunza kwa nani kama siyo kwa anayetufunga? Mimi nasema iwe sheria, mshindi aweke hadharani kadi zake zote 40 na zile za ekstra, ndio achukue hela.

Kamwene_Kihesa
Siyo mimi niliyeshinda ila natokea huko huko Iringa. Kaka, deki kama ile mtu anaihangaikia miezi, anafungwa usiku mpaka usiku, anatoa kadi moja anaweka nyingine, bando linaisha anakopa. Halafu wewe unataka uipate kwa kupeana mkono tu. Watu wa Mbeya mmezoea lumbesa nyie, kitu kimeshapimwa bado mnataka kijazwe juu mpaka kifungwe na kamba.

BintiIsyonje
Deki sizijui sana, kaka yangu ndio anacheza, ila hapo kwenye lumbesa umenigusa pabaya. Wanaotaka lumbesa ni watu wa Mbeya au ni wanunuzi wanaokuja na malori? Mama yangu analima viazi hapa Isyonje. Nimeshika gunia hilo nikiwa darasa la tano, nalivuta mdomo huku mwanaume mzima anashindilia kwa goti, viazi vimepanda juu ya mdomo wa gunia kama kofia, wanashona kamba kwa kuzungusha, na bei ni ya gunia moja. Kwa hiyo usituwekee sisi mzigo wa waliotuibia.

Kamwene_Kihesa
Dada samahani, ule ni utani tu wa kawaida, sikumlenga mama.

MzeeWaKabwe
Vijana, mimi ni mtu wa drafti. Kete 12 zangu, kete 12 zako, vizibo vya soda, vyote viko juu ya ubao na watu kumi wamesimama wanachungulia. Hakuna kilichofichwa na bado unafungwa tano bila. Bao pia hivyo hivyo, kete 64 zote tunaziona. Aliyekuzidi amekuzidi. Huyo anayeficha ina maana anaogopa kwamba akili yake ikionekana imeisha?

Mkazi_Iyunga
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote mfano huo haukai. Drafti kete zote zinafanana. Huku kuna maelfu ya kadi, unachagua 40 mpaka 60, kila kadi mwisho tatu, na mpinzani hajui umechagua zipi, kutojua huko ni sehemu kubwa ya mchezo. Nikijua una Ash Blossom mkononi, ile kadi ya kumzuia mpinzani, siwezi kucheza sawa na nisipojua.
Ila pia tusijifanye sisi ndio wa kwanza kubishania hili. Magic, gemu la kadi la Wamarekani, ipo toka 1994 na wanagombana mpaka leo. Kuna jamaa anaitwa Sligh alitengeneza deki ya kadi nyekundu za bei rahisi ambazo wenzie walikuwa wanazidharau, listi ikasambaa kwenye intaneti, ikabadilisha uchezaji wa watu wote. Angeificha ingekufa naye.

LeoMakambako
Magic imeanza 1993, Richard Garfield. Na Sligh hakuitengeneza hiyo deki mkuu, tafadhali tusidhulumu watu. Aliyeitengeneza ni Jay Schneider. Paul Sligh aliicheza kwenye mashindano ya kufuzu kule Atlanta 1996, akafika nayo mbali, listi ikatoka ikiwa na jina lake, basi mpaka leo inaitwa Sligh. Aliyekesha ni mmoja, aliyebaki na jina ni mwingine. Mimi hicho ndicho kinanikera kwenye kutoa listi. Nikiiweka hapa leo, kesho kutwa kuna mtu Tunduma anajiita mwenyewe.

Mkazi_Iyunga
Sawa nimekosea mwaka na mtu, ila hoja yangu imesimama.

LeoMakambako
Haijasimama, maana umeitumia kuonyesha faida na wenyewe unaonyesha hasara. Na kama unaipenda Magic, wenye gemu wenyewe mwaka 2017 walipunguza listi walizokuwa wanatoa za gemu lao la mtandaoni, kutoka 10 kwa siku hadi 5, kwa sababu watu walikuwa wanafikia jibu haraka mno, wote wanacheza deki zile zile.

Mkazi_Iyunga
Na mwaka 2019 hao hao kwenye mashindano yao makubwa London walimpa kila mchezaji listi ya mpinzani kabla hajakaa mezani. Hilo mbona hulisemi?

LeoMakambako
Nilikuwa nakuja huko, usiniwahi.

FundiWaMafinga
Naomba niseme la kwangu maana mnabishana watoe wasitoe, mimi niliwahi kupewa. Mwaka jana kuna mtu tuliyekuwa tunaheshimiana sana, tunaitana kaka, nilimwomba listi akanitumia bila shida, skrinshoti kabisa. Kwa wasiocheza niwaeleze, kadi za UR, zile adimu kuliko zote, zinatengenezwa kwa pointi 30, na UR ya kwako ukiivunja unapata 10. Yaani unavunja tatu ili upate moja, na ulizovunja zimeenda. Nilivunja kadi nilizokusanya toka gemu linatoka 2022, nikatengeneza za kwenye ile listi. Nacheza, nafungwa. Nafungwa tena. Nikadhani mimi ndio sijui kuiendesha, nikaendelea wiki tatu. Mwisho nikamkuta anacheza mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine, kadi sita siyo zile. Sita! Zile zinazoifanya deki isimame alizitoa, akanijazia takataka. Nilikaa nje ya banda langu la ufundi mpaka giza likaingia, siyo kwa sababu ya gemu, ni kwa sababu alinitazama usoni akaniambia "mdogo wangu hii itakufaa".
Kwa hiyo MtotoWaSae, huyo aliyefunika simu kwa kiganja kwangu ni mstaarabu. Amekataa. Hakukudanganya.

MtotoWaSae
Pole sana fundi. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

NdagaFijo_Tukuyu
Hiyo ni dhuluma kabisa fundi, mtaje.

FundiWaMafinga
Sitamtaja. Tunasali kanisa moja.

BintiIsyonje
Narudi kwenye gunia maana naona mmelipita haraka. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, sisi tulikuwa tunalijua hilo? Hatukulijua. Hata bei ya viazi Dar hatukuijua, aliyekuwa anaijua ni dalali, na yeye ndiye aliyekuwa anasema bei ni siri ya biashara. Siku mama alipopata simu akawa anampigia mdogo wake Dar, anamwambia nenda sokoni kaniulizie debe linauzwaje, basi dalali akaanza kuongea kwa adabu. Mimi kadi sizijui ila siri nazijua. Ukiona mtu anaipigania sana siri, angalia nani anakula kwenye hiyo siri.

Kamwene_Kihesa
Yaani mimi sasa ni dalali? Dada umeniita mwizi mbele za watu kwa sababu ya utani mmoja ambao nimeshauombea msamaha.

BintiIsyonje
Sijakuita jina lolote. Nimesema kuhusu siri.

Kamwene_Kihesa
Umesema na kila mtu kaelewa. Mimi nacheza kwa simu iliyopasuka kioo, bando la usiku, sina hata UR kumi. Nakula nini mimi kwenye hiyo siri? Siri ndiyo kitu pekee nilichonacho. Mwenye hela akiiona deki yangu leo, kesho ananunua jemu, zile pesa za ndani ya gemu, anaikamilisha mchana, jioni ananifunga nayo. Mimi ilinichukua toka Pasaka.

MzeeWaKabwe
Hapo kijana amesema neno.

Mkazi_Iyunga
Ni neno zito kweli. Ila ligeuze upande wa pili, wewe usiye na pointi ndiye unayehitaji listi kuliko wote, kwa sababu huwezi kujaribu na kukosea. Mwenye hela akikosea anatengeneza nyingine. Wewe ukivunja UR tatu ukakosea umemaliza mwaka. Pale Uyole kituo cha utafiti kilipotoa maharage ya Uyole 96 wangeyafungia kabatini nani angeumia, tajiri?

LeoMakambako
Watafiti wanalipwa mshahara mkuu. Huyu hajalipwa na mtu. Na ile mbegu ina jina la Uyole mpaka leo, hakuna aliyekwenda nayo Songea akaiita ya kwake. Mimi nipeni hakikisho la jina tu, natoa listi hata leo usiku.

NdagaFijo_Tukuyu
Gunia la lumbesa bado lipo jamani, nimeliona juzi barabara ya Kitulo, limepanda juu mpaka linaegemea gunia lenzie. Hiyo kilo 100 nani anaipima?

BintiIsyonje
Asante. Ndicho ninachosema.

KijanaIpogolo
Habari zenu. Mimi ndiye wa Jumamosi, nimetumiwa hii na rafiki. MtotoWaSae, pole kwa kukunyamazia, mimi siyo mwongeaji na nilikuwa naangalia saa, nilihofia kukosa gari la kurudi. Deki ile siyo yangu peke yangu. Nusu ni ya mdogo wangu, yuko bweni na simu haruhusiwi, alikuwa ananiandikia kadi kwenye karatasi za daftari ananipa siku ya kumtembelea. Ana wazo moja pale katikati mimi nisingelifikia hata kwa miaka miwili. Nilimwahidi sitamwonyesha mtu mpaka arudi aicheze mwenyewe.

MtotoWaSae
Kaka ungeniambia hivyo tu pale mezani. Nisingeandika hata mstari mmoja. Basi ile ya kuwa sheria naifuta, ila kuweka simu kifudifudi bila neno kwa mtu aliyekupa mkono, hapana, hilo liliniuma na nalisema wazi.

KijanaIpogolo
Una haki. Nilikosea.

LeoMakambako
Listi ikitoka iandikwe jina la dogo, siyo la kwako.

KijanaIpogolo
Itaandikwa la kwake.

BintiIsyonje
Kaka wa Kihesa, nilipandisha sauti. Ila lile la watu wa Mbeya na lumbesa lifute.

Kamwene_Kihesa
Nimelifuta dada. Msalimie mama.

FundiWaMafinga
Ipogolo, hiyo shule ya dogo inafunga lini?

KijanaIpogolo
Mwezi wa sita, mwanzoni.